MSHALE NA MAWINGU: SOMO NILILOLIPATA NJIANI KUJA SHULE

 

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, na mwalimu akituuliza maana yake tunajibu mbio mbio kama kasuku. Lakini mwaka huu nimegundua kuwa kuijua methali ni jambo moja na kuishika ni jambo jingine kabisa. Ndiyo maana nimechukua kalamu yangu niwaletee somo hili.

Swali la somo ni hili: je, ni haki mtu kumpiga mnyama kwa mshale ilhali anaona kabisa kwamba mvua inakuja? Najua kuna watakaocheka. Watasema, "Wewe nawe! Nani anawinda kwa mishale siku hizi?" Tena watasema mimi ni msichana, na mambo ya mishale hayanihusu ndewe wala sikio. Ngojeni kwanza. Someni mpaka mwisho ndipo mhukumu.

MKASA WENYEWE

Sisi wanafunzi wa kutwa tunajua njia kuliko tunavyojua vitabu. Mimi ninatoka huku chini Mbeere, upande wa Ishiara, mahali ambapo mlima Kiang'ombe unaonekana wazi asubuhi kabla ya joto kuanza. Kila siku tunavuka korongo moja ambalo halina maji ila wakati wa mvua. Ilikuwa mwezi wa Novemba, zile mvua za vuli ambazo watu wa kwetu huzitegemea kuliko hata za masika. Jumanne usiku ilinyesha mvua ya kuogofya, korongo likafurika, na Jumatano tukalazimika kuzunguka mbali.

Alhamisi asubuhi maji yalikuwa yamepungua. Tulikuwa watatu. Tulipofika ukingoni mwenzangu alinishika mkono akanong'ona, "Tazama pale." Chini ya kichaka cha miiba alikuwa amelala digidigi. Kwa wale wasiomjua, digidigi ni paa mdogo sana, uzito wake hauzidi kilo 6 au 7, macho yake makubwa kama ya mtoto aliyeamshwa usingizini. Kwa kawaida ukimkaribia huruka kama risasi. Huyu hakuruka. Ubavuni, karibu na paja, kulikuwa na mshale. Uti wake ulikuwa umevunjika, kikabaki kipande cha urefu wa kiganja. Nzi walikuwa wengi. Alikuwa anapumua haraka haraka, mdomo wazi.

Jambo lililonichoma moyo zaidi ni kwamba hatua chache kutoka pale alisimama digidigi wa pili. Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa ametufundisha kuwa wanyama hawa huishi wawili wawili, dume na jike, na hawaachani. Yule wa pili alituona, akakimbia kidogo, akasimama tena. Akatutazama. Hakutaka kuondoka.

Tulisimama pale kama tuliopigwa na bumbuwazi. Mmoja wetu alisema tuuchomoe mshale. Mwingine akasema mishale ina sumu, tutakufa. Mimi nilikimbia nyumbani kumwita guka, yaani babu yangu, kwa kuwa kwetu si mbali na korongo lile. Guka ana umri wa miaka 80 kasoro, lakini alitembea siku hiyo kama kijana.

Alipofika hakusema neno. Alituamuru tusimguse mnyama wala mshale, akamtuma mwenzangu kwa chifu msaidizi atoe habari. Kisha akainama akautazama uti wa mshale kwa muda mrefu. Nilimwona akikunja uso. Tulipomuuliza ana nini, alijibu tu, "Huyu alipigwa Jumanne jioni, kabla ya mvua. Nendeni shule, mtachelewa."

Kabla hatujaondoka, yule digidigi alitulia. Hakupumua tena. Yaani alikaa na mshale ule nyusiku mbili na mchana mmoja, katika mvua.

Tulichelewa, ndiyo. Mwalimu wa zamu alitaka kutuadhibu, tukamweleza, akatusikiliza mpaka mwisho, akatuambia twende darasani. Lakini siku hiyo sikusikia chochote kilichofundishwa.

MSHALE UNAVYOFANYA KAZI

Jioni nilimwendea guka nikamwomba anieleze. Kwanza alicheka. "Tangu lini msichana akauliza habari za mishale?" Nikamjibu, "Guka, tangu leo asubuhi." Akanyamaza, halafu akaniambia nilete kigoda nikae.

Alinieleza kwamba watu wengi hudhani mshale huua kama bunduki, pu, mnyama akaanguka papo hapo. Si kweli. Mshale usio na sumu huua kwa kumwaga damu. Ukiingia mbavuni ukapasua mapafu au moyo, mnyama hukimbia mwendo mfupi tu akaanguka. Ukiingia tumboni au pajani, mnyama anaweza kuishi kwa saa nyingi, hata siku kadhaa. Kwa hiyo kazi ya mwindaji haiishi anapoachilia mshale. Hapo ndipo inapoanza. Lazima afuate damu na nyayo mpaka ampate mnyama na kummaliza asiteseke.

Tena kuna jambo la ajabu hapa. Guka alisema mwindaji hapaswi kukimbia nyuma ya mnyama mara moja. Mnyama aliyejeruhiwa akiona hafuatwi, hutafuta kivuli karibu akalala, na hapo hapo ndipo anapokufa. Lakini akifukuzwa, hata kama ana jeraha kubwa, hukimbia mbali sana kwa sababu ya hofu. Kwa hiyo mwindaji stadi hupiga, hutazama mnyama ameelekea wapi, halafu huketi. Husubiri. Ndipo huanza kufuata pole pole.

Mshale wenye sumu nao una hesabu yake. Wazee wetu, na pia Wakamba na Watharaka, walichemsha sumu kutoka kwa mti tunaouita muricu, ambao kwa Kiswahili huitwa msunguti. Vipande vya mti huchemshwa kwa muda mrefu mpaka maji yawe mazito meusi kama lami. Sumu hiyo ikiingia katika damu husimamisha moyo. Wanasayansi wameichunguza na kuiita wabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu hiyo hiyo. Sumu ikiwa mpya na kali, mnyama mdogo hafiki mbali. Ikiwa imezeeka, humtesa tu bila kumwangusha.

MAMBO MATATU YANAYOFANYWA NA MVUA

Sasa tuje kwenye kiini cha somo. Guka alihesabu kwa vidole.

Kwanza, mvua huosha damu na kufuta nyayo. Matone ya damu kwenye majani ndiyo maandishi anayosoma mwindaji. Mvua kubwa ya nusu saa tu hufuta ukurasa wote.

Pili, mvua huharibu silaha. Sumu ya msunguti huyeyuka kwenye maji. Ndiyo maana wazee walizungushia ncha ya mshale kipande chembamba cha ngozi, kiilinde na jua na mvua, na pia kimlinde mwenye mshale asijidunge. Kipande hicho hutolewa wakati wa kupiga. Hata upote wa upinde, ukiwa wa mshipa wa mnyama, ukilowa hulegea, na mshale hauendi mahali ulipoelekezwa.

Tatu, mvua humwondolea mwindaji nafasi ya kusubiri. Na hili, wasomaji wangu, ndilo kubwa kuliko yote. Fikirini vizuri. Mawingu yametanda, mtu amempiga mnyama pajani. Akisubiri jinsi inavyotakiwa, mvua itanyesha na alama zitapotea. Asiposubiri akafuata mara moja, mnyama atakimbia mbali na kuingia vichakani. Akifanya hivi, anakosea. Akifanya vile, anakosea. Hakuna njia nzuri iliyobaki, kwa sababu njia nzuri ilikuwa moja tu, nayo ni kutopiga.

Hapo nilielewa kwamba kosa halikufanywa mvua iliponyesha. Lilifanywa kabla, wakati mtu alipotazama juu, akaona mawingu, na bado akavuta upote.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Katika mijadala ya chama chetu tumefundishwa kusikiliza upande wa pili. Nililileta swali hili kwa wenzangu siku ya Ijumaa, na hizi ndizo hoja nilizozipata.

Hoja ya kwanza: mwenye njaa hana miiko. Mtu ambaye watoto wake wamelala bila chakula hawezi kungoja mawingu yaondoke. Hii ni hoja nzito, nami siidharau, maana huku kwetu tunajua ukame ni nini. Lakini jiulizeni: yule aliyempiga digidigi wetu alikula nini Jumanne usiku? Hakula chochote. Mnyama aliteseka na mtu akalala njaa vile vile. Kwa hiyo njaa haiwezi kuwa sababu ya kupiga mshale ambao huenda usilete nyama. Njaa ndiyo sababu ya kutopoteza mshale ovyo.

Hoja ya pili: mvua humsaidia mwindaji. Hii ilitolewa na mvulana mmoja wa kidato cha nne, na kusema kweli ilinishinda mara ya kwanza. Alisema ardhi ikiwa laini nyayo huonekana vizuri kuliko wakati wa vumbi gumu, na majani yakilowa hayalii chini ya mguu. Nilipomuuliza guka alisema kijana huyo ana akili. Ni kweli. Lakini akaongeza kwamba mvua ni mbili. Mvua iliyokwisha kunyesha humsaidia mwindaji, kwa sababu imemwandalia ukurasa safi. Mvua inayokuja humwangamiza, kwa sababu itafuta kilichoandikwa. Swali letu linahusu hii ya pili.

Hoja ya tatu: mnyama ni mnyama tu, fisi na chui humtesa zaidi. Kwa hoja hii nilijibu mwenyewe bila kumuuliza mtu. Fisi hajui maana ya mawingu, wala hawezi kuambiwa angoje kesho. Binadamu anajua, na anaweza. Anayejua ndiye anayeulizwa.

ALIYOYAONA GUKA

Nilimuuliza guka kama yeye mwenyewe aliwahi kufanya kosa hili. Alikaa kimya mpaka nikadhani amesinzia.

Kisha akanisimulia kwamba miaka michache baada ya uhuru, akiwa kijana, alitoka na baba yake kuwinda upande wa mto Thuci. Jioni waliona tandala dume. Baba yake alitazama mawingu akamwambia, "Acha, tutarudi kesho." Guka alikuwa na damu moto. Alitaka vijana wenzake wasikie kwamba ameangusha tandala. Akapiga. Mshale ukaingia nyuma sana, tumboni. Mvua ikaja kabla hawajafika mahali mnyama alipokuwa amesimama.

Asubuhi yake baba yake alimwamsha kabla ya jua kuchomoza. Walitafuta siku nzima bila kula. Siku ya pili wakatafuta tena. Siku ya tatu wakaona tai wakizunguka angani. Nyama haikufaa kitu. Baba yake hakumpiga wala kumtukana. Alichukua podo lake, akalitundika ghalani, akamwambia achunge mbuzi mpaka atakapojifunza kutazama juu kabla ya kutazama mbele.

"Sikuona aibu kwa sababu ya mbuzi," guka aliniambia. "Niliona aibu kwa sababu baba, mtu mzima, alitembea siku tatu na njaa akitafuta kosa langu."

Nadhani hilo ndilo lililokuwa adilifu kwa wazee wetu. Si kwamba hawakukosea. Walikosea, lakini walirudi asubuhi kulitafuta kosa lao mpaka walipolipata.

WENGINE DUNIANI

Nisije nikaonekana kama chura wa kisimani, nilisoma maktabani kuhusu watu wengine.

Huko Tanzania, karibu na ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe ambao mpaka leo huwinda kwa upinde. Wakimpiga mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu, hawamfukuzi. Hutazama alikoelekea, hurudi kambini, kisha huenda na wenzao kumfuata baada ya sumu kufanya kazi. Kufuata mnyama ni kazi ya watu wengi, si ya mtu mmoja mwenye haraka. Mwaka wa 2011 baadhi yao, katika bonde la Yaeda, walipewa hati ya ardhi yao ya pamoja, ili wasifukuzwe.

Hapa Kenya kulikuwa na Wawaata, ambao watu wa pwani huwaita Waliangulu. Hawa waliwinda ndovu katika nyika ya Tsavo kwa pinde ndefu ngumu ajabu na mishale ya sumu ya msunguti. Serikali ya kikoloni iliwauzia wenye bunduki leseni, na wenye mishale ikawaita majangili. Katika miaka ya 1956 na 1957 David Sheldrick na askari wake wa mbuga ya Tsavo waliendesha operesheni kubwa na wengi wao wakafungwa. Sisemi kuua ndovu ni vizuri. Nasema tu kwamba ujuzi wa mtu na haki yake mbele ya sheria ni mambo mawili tofauti, na ni vizuri kuyapima yote mawili.

Huko Marekani sheria inaruhusu kuwinda kulungu wa kwao kwa upinde katika msimu maalumu, tena kwa leseni. Nao wanajadiliana juu ya swali hili hili letu: je, mtu atoke kuwinda siku ambayo redio imetangaza mvua? Wapo wanaotumia mbwa waliofundishwa kunusa mnyama aliyejeruhiwa hata baada ya mvua. Lakini huko Uingereza sheria ya mwaka wa 1981 imekataza kabisa kuwinda wanyamapori kwa upinde.

Rafiki yangu mmoja darasani, ambaye ni Mwislamu, alinieleza jambo lililonifundisha sana. Katika hadithi za Mtume, mwindaji anayempata mnyama wake baada ya siku moja au mbili, bila alama nyingine ila ya mshale wake, anaruhusiwa kumla. Lakini akimkuta ndani ya maji, asile, kwa maana hajui kama ni mshale uliomuua au ni maji. Naona hapa kuna adabu kubwa: usidai kitu ambacho huna hakika ni kazi ya mkono wako.

SHERIA INASEMA NINI

Mtu asije akasoma makala haya akaenda kutafuta upinde! Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwezi wa Mei mwaka wa 1977. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inasema wazi kwamba hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani ni kosa, na adhabu yake ni faini au kifungo. Karibu nasi kuna hifadhi ya Mwea huku Mbeere, na mbuga ya Meru iliyotangazwa mwaka wa 1966, ile ambayo simba Elsa aliachiliwa na George na Joy Adamson kabla hata haijawa mbuga ya taifa. Wanyama hao ni wetu sote, na wa watakaokuja baada yetu.

Kuna na jambo jingine ambalo ni baya kuliko mshale, nalo ni mtego wa waya. Anayetega waya hata hatazami mawingu. Anaweka, anaenda zake, na pengine anasahau. Yule wa mshale angalau alimwona mnyama machoni. Yule wa waya hajui hata amemnasa nani, digidigi, mbwa wa jirani au ndama wako wewe.

Mkimwona mnyama aliyejeruhiwa, msimfukuze, msimguse, na hasa msiguse ncha ya mshale. Toeni habari kwa chifu, kwa polisi au kwa askari wa KWS.

SOMO KWETU TUSIOWINDA

Basi kama uwindaji umekatazwa, somo hili lina faida gani kwetu? Mimi naona lina faida kubwa, maana sote huachilia mishale, ila si ya chuma.

Nitatoa mfano mmoja wa nyumbani. Huku kwetu watu wengi wanalima muguka na ndengu, na hunyunyiza dawa za kuua wadudu. Nimeona kwa macho yangu mtu akinyunyiza dawa huku ngurumo zinasikika. Akiulizwa anasema ameshachanganya dawa, hawezi kumwaga. Mvua inakuja, dawa yote inaoshwa, inateremka korongoni, inaingia mtoni ambako wengine wanachota maji. Wadudu wapo vile vile, pesa imekwenda, na mto umeharibika. Huyo ana tofauti gani na aliyempiga digidigi? Wote wawili walianza jambo ambalo walijua hawataweza kulimaliza vizuri, wakatumaini tu kwamba mvua itachelewa.

Na sisi wanafunzi je? Tunamwambia mwenzetu neno kali dakika moja kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, halafu tunaondoka. Likizo inaingia, neno linabaki ndani yake kama kipande cha uti. Tukirudi muhula mpya nyayo zimefutika, hatukumbuki hata tulisema nini. Yeye anakumbuka.

HATIMA

Sijamaliza. Kuna jambo ambalo guka alinificha wiki nzima.

Wazee wa zamani walitia alama mishale yao, ili mnyama akipatikana ijulikane ni wa nani. Asubuhi ile pale korongoni, guka alipoutazama uti na kukunja uso, alikuwa ameona alama yake mwenyewe. Ulikuwa mshale wake wa ujanani, kutoka kwa podo lile lile lililotundikwa ghalani na baba yake. Sumu yake ilikuwa imekufa zamani, na kile kipande cha ngozi kilikuwa kimekatika. Ndiyo maana mnyama hakufa upesi.

Aliyeuchukua ni mmoja wetu wa nyumbani. Ameniruhusu niandike haya, ila jina lake nisilitaje. Alisema nyumbani hapakuwa na mboga wala pesa, tena digidigi walikuwa wanakula kunde shambani. Aliona mawingu juu ya Kiang'ombe akafikiri atawahi. Alifuata damu mpaka mvua ikaanza, kisha giza likaingia, akarudi. Hakulala usiku ule. Nilimuuliza kwa nini hakurudi Jumatano asubuhi kutafuta. Aliinamisha kichwa. "Niliogopa kumpata akiwa hai," akasema.

Guka hakupiga kelele. Alimchukua yeye pamoja na podo, wakaenda wote wawili kwa chifu msaidizi. Guka alisema mishale ni yake, na kosa la kuiacha mahali pa kufikiwa ni lake pia. Yaliyosemwa huko ni ya wazee na serikali. Ninachojua ni kwamba podo halikurudi nyumbani, na ukuta wa ghala sasa una msumari mtupu.

Tangu siku hiyo, nikivuka korongo asubuhi hutazama kile kichaka cha miiba. Mara mbili nimemwona digidigi pale, mmoja tu.

Kwa hayo machache, wasomaji wangu, naweka kalamu chini. Nawatakia masomo mema na mtihani mwema, hasa ndugu zetu wa kidato cha nne.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mwandishi anasema kosa lilifanywa kabla ya mvua kunyesha. Je, unakubaliana naye? Toa sababu.
2. Ni nani aliyekosa zaidi: aliyepiga na mawingu, au ambaye hakurudi asubuhi? Au ni kosa moja?
3. Je, guka alifanya vyema kwenda mwenyewe kwa chifu msaidizi? Wewe ungefanya nini?
4. Eleza tofauti kati ya kitendo kinachokatazwa na sheria na kitendo kinachokatazwa na dhamiri. Toa mfano mmoja wa kila aina kutoka kijijini kwenu.
5. Tunga kisa kifupi kinachothibitisha methali: Dalili ya mvua ni mawingu.

MSAMIATI

Podo: mfuko wa kuwekea mishale.
Upote: uzi au kamba ya upinde.
Uti wa mshale: kijiti ambacho ncha hutiwa.
Msunguti: mti ambao hutoa sumu ya mishale.
Korongo: bonde jembamba lililochimbwa na maji ya mvua.